Dhoruba ya Saa Nane Usiku Huanza Mchana

Saa tisa alasiri, kwenye vilima vya chai vya Kericho na Nandi, magharibi mwa Kenya, mvua ya mawe inapiga mabati ya nyumba. Sehemu hizo ni miongoni mwa zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kwa hiyo wenyeji hawashangai. Saa hiyohiyo Ziwa Victoria, lililo chini ya vilima hivyo, limetulia. Anga juu ya maji ni jeupe. Kwenye mialo ya visiwa vya Ukerewe, Kome na Goziba wavuvi wa dagaa ndio kwanza wameamka. Wanakagua taa, wanapima mafuta ya injini, wanaziba tundu la wavu lililochanika jana. Hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kuulizia mvua ya Kericho, na hata akiulizia, hana wa kumjibu.

Baadaye usiku huo, katikati ya maji, upepo utawashukia. Asubuhi redio itatangaza kwamba wavuvi kadhaa hawajulikani walipo baada ya mitumbwi yao kupigwa na dhoruba ya ghafla. Neno hilo, "ghafla", halikosekani katika habari za namna hii, na mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi ana haki kamili ya kulitumia, maana kwake yeye dakika kumi zilitosha ziwa kuchafuka kutoka utulivu hadi balaa. Lakini kwa anayelitazama ziwa kutoka juu, kwa jicho la setilaiti inayopiga picha kila robo saa, dhoruba nyingi za Ziwa Victoria si za ghafla hata kidogo. Zina saa zake, zina mwelekeo wake, na maandalizi yake huchukua mchana kutwa.

Tuanze na ziwa lenyewe. Limetandaa kilomita za mraba zipatazo 68,800, juu kabisa kwenye mwinuko wa mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, likizungukwa karibu pande zote na nchi iliyoinuka zaidi: safu za Mau na Nandi mashariki, nyanda za juu za Rwanda, Burundi na Karagwe magharibi. Ikweta inalikata upande wa kaskazini. Maji ya juu hubaki na joto la takriban nyuzi 24 hadi 26 mwaka mzima, usiku na mchana, bila kubadilika sana. Nchi kavu haiko hivyo. Udongo na mawe hupata moto haraka jua likiwaka na hupoa haraka jua likizama. Tofauti hiyo ya tabia kati ya maji na ardhi ndiyo inayoendesha karibu kila kitu kitakachofuata.

Mchana ardhi huwa na joto kuliko ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda, na nyingine baridi kidogo, yenye unyevu, hutoka ziwani kuja kuziba nafasi. Huo ndio upepo wa adhuhuri unaopeperusha nguo zilizoanikwa Mwanza na Kisumu. Hewa iliyopanda juu ya nchi inarudi ziwani kwa juu na kushuka polepole juu ya maji, na hewa inayoshuka haitengenezi mawingu; ndiyo maana ziwa huwa jeupe mchana. Unyevu uliobebwa hadi vilimani, hasa upande wa mashariki ambako unakutana uso kwa uso na pepo zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi, hupanda mlima, hupoa, na kuwa mawingu mazito ya alasiri. Hapo ndipo Kericho inapopata mawe yake.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi imepoa, ziwa bado lina joto. Hewa baridi na nzito huteremka kutoka vilimani kuelekea majini, na kwa kuwa ziwa limezungukwa, hewa hiyo inaingia kutoka kila upande. Ikifika katikati haina pa kwenda isipokuwa juu. Inapanda ikiwa imekwisha kufyonza mvuke kutoka maji yenye joto, na inapozidi kupanda, mvuke unageuka matone na kuachia joto lililokuwa limefichwa ndani yake, na joto hilo linaisukuma hewa juu zaidi. Kufikia usiku wa manane wingu linaweza kuwa na kimo cha kilomita 15 na zaidi.

Wajerumani wawili, Hermann Flohn na Klaus Fraedrich, walieleza mzunguko huu mwaka 1966, wakati setilaiti za hali ya hewa zilikuwa bado changa. Walikuwa na takwimu za vituo vya mvua vya pwani na visiwani, na mantiki. Tangu hapo setilaiti zimewathibitisha, na mwezi Januari 2019 ndege ya utafiti kutoka Uingereza ilipita juu ya ziwa ikipima pepo hizo za mchana na za usiku zikipokezana.

Lakini kabla ya setilaiti na ndege, ushahidi ulikuwa tayari kwenye vipimo vya mvua. Bukoba, upande wa magharibi, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Musoma, ng'ambo ya pili ya ziwa hilohilo, haifiki nusu ya hizo. Sababu ni kwamba pepo za jumla za eneo hili huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, hivyo mawingu yaliyozaliwa usiku juu ya maji husukumwa kuelekea Kagera na visiwa vya Ssese vya Uganda. Mtu wa Bukoba anajua mvua yake huja alfajiri na asubuhi. Mtu wa Kisumu anajua yake huja alasiri na jioni. Wote wawili wananyeshewa na ziwa moja, kwa saa tofauti, na sidhani kama wamewahi kukaa pamoja wakalinganisha.

Ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na ilikuwa karibu saa tatu asubuhi. Watu 43 walikuwemo, 19 walifariki. Waliofika kwanza kuwaokoa waliosalia walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Chanzo cha ajali ya ndege ni jambo pana na wingu pekee halitoshi kulieleza, ila siku, saa na mahali vinaendana kabisa na ratiba ya ziwa: Novemba ni msimu wa mvua, asubuhi ni zamu ya magharibi.

Ziwa hili hujinyeshea lenyewe, na si kwa mfano wa maneno. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoliingia hutoka angani moja kwa moja, na mito yote, Kagera, Nzoia, Mara na mingineyo, inachangia sehemu iliyobaki. Yaani dhoruba zinazowaua wavuvi ndizo zinazolijaza ziwa wanalovua.

Nguvu yake inahitaji kupigiwa hesabu ili ieleweke. Chukua dhoruba moja ya kawaida tu, iliyoangusha milimita 50 za mvua juu ya eneo la kilomita 10 kwa 10. Hiyo ni tani milioni tano za maji. Kila kilo ya mvuke ikigeuka maji huachia joto la takriban jouli milioni mbili na nusu. Zidisha, kisha linganisha na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115: bwawa hilo lingelazimika kuzalisha umeme kwa nguvu zake zote, bila kupumzika, kwa zaidi ya miezi miwili ili kufikisha kiasi hicho. Wingu linakimaliza kwa saa chache. Sehemu kubwa ya joto hilo hupotelea huko juu, ni kipande kidogo sana kinachogeuka upepo. Kipande hicho kinatosha.

Upepo wenyewe unaompiga mvuvi hauji kutoka upande anaoudhania. Wengi hufikiri wingu "linavuta" au "linasukuma" hewa kwa ubavu. Kinachotokea ni hiki: mvua inapoanguka, sehemu yake hukauka njiani kabla ya kufika chini, na kukauka huko kunaipoza hewa inayoizunguka. Hewa iliyopoa ni nzito. Inaporomoka pamoja na matone, wakati mwingine ikishuka kwa kasi ya gari, hadi inagonga uso wa maji. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya saruji uone yanavyotawanyika: hayasimami pale yalipoangukia, yanakimbilia pande zote kwa mkupuo. Hewa hiyo baridi hufanya vivyo hivyo juu ya ziwa. Ukingo wake wa mbele unaweza kukimbia kilomita kumi au ishirini mbele ya mvua, na ndiyo maana mvuvi hupigwa na upepo akiwa bado mkavu, nyota zikiwa bado zinaonekana upande mmoja wa anga.

Wavuvi wazoefu wanazo dalili zao, na fizikia haizipingi. Ya kwanza ni umeme unaocheza mbali bila sauti. Mwanga wa radi usiku unaonekana kutoka kilomita mia moja na zaidi, ila ngurumo haisikiki kwa kawaida ng'ambo ya kilomita 15 hadi 20. Kwa hiyo siku unapoanza kuisikia, dhoruba imeshaingia ndani ya duara hilo. Ukihesabu sekunde tangu umeme ulipotoa mwanga hadi sauti ikufikie, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ya pili ni upepo kukata. Ule upepo mwanana wa usiku unaotoka nchi kavu unakufa, hewa inakuwa nzito, taa hazitikisiki. Hapo upepo wa kawaida na hewa inayoingia kwenye wingu linalokua vinashindana na kufutana, na mvuvi yuko kwenye mpaka wao. Ya tatu ni baridi, kibaridi cha ghafla usoni. Hiyo ya tatu tusiihesabu kama tahadhari, maana ndiyo dhoruba yenyewe imeshafika.

Sasa ziweke dalili hizo kwenye hesabu ya muda. Ngurumo ya kwanza imesikika, wingu liko kilomita 15. Ukingo wa upepo wake unakwenda kilomita 40 au 50 kwa saa. Zimebaki dakika 20, pengine chini ya hapo. Mtumbwi wa makasia, uliojaa nyavu na samaki, unakwenda kilomita nne au tano kwa saa ukiwa na bahati. Wenye injini ndogo ya kupachika nyuma unaweza kufika kumi na kidogo. Aliye kilomita kumi kutoka mwaloni hafiki, na wavuvi wa dagaa na sangara siku hizi huenda mbali zaidi ya hapo kwa sababu karibu na ufuko samaki wamepungua. Maana yake ni kwamba macho na masikio, hata ya mzee aliyevua miaka arobaini, yanamwambia mtu wakati ambao hana tena la kufanya zaidi ya kugeuza kichwa cha mtumbwi kielekee upepo na kuanza kuchota maji.

Na kuna wakati hata mwelekeo unadanganya. Kanuni ya jumla ni kwamba umeme unaoonekana mashariki unakuja na ule wa magharibi unaondoka. Lakini pale kingo mbili za hewa baridi, kutoka mawingu mawili tofauti, zinapogongana, hewa yenye joto iliyo katikati hubanwa na kurushwa juu, na wingu jipya linazaliwa pale pale, pengine juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa akijipongeza kwamba dhoruba zote mbili zimempita mbali.

Kuhusu mawimbi, kuna maelezo yanayorudiwa sana kwamba mawimbi ya Ziwa Victoria ni makali kwa sababu ziwa ni la kina kifupi. Ni kweli kwamba halina kina: wastani ni mita 40 na sehemu ya chini kabisa ni mita 80 na ushei, wakati Ziwa Tanganyika linapita mita 1,400. Hata hivyo wimbi huanza kuhisi sakafu pale tu kina kinapopungua chini ya nusu ya urefu wake, yaani nusu ya umbali kati ya kilele na kilele. Mawimbi ya dhoruba ya usiku yana urefu wa mita 14 hadi 25 hivi. Kina cha mita 40 hayakijui. Tatizo lao ni uchanga. Upepo wa bahari kuu unaovuma siku tatu mfululizo hutengeneza mawimbi marefu yanayokuinua na kukushusha taratibu. Upepo wa dhoruba ya ziwani umeanza dakika ishirini zilizopita, na mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima, na yanafuatana kila sekunde tatu au nne. Mtumbwi wa mita nane au kumi ukikutana nayo, kichwa kinazama bondeni wakati mkia bado uko kileleni. Ukingo wake ukiwa umebeba shehena mara nyingi haufiki nusu mita juu ya maji. Wimbi la kwanza linaingia, la pili linakuta mtumbwi mzito zaidi, na kadhalika.

Karibu na mwalo, ambako kina kinapungua, hapo ndipo ule usemi wa kina kifupi unapokuwa kweli: mawimbi yanainuka na kuvunjika. Mitumbwi mingi inapinduka ikiwa imebakiza mita mia chache tu kufika.

Wavuvi wa pwani ya Bahari ya Hindi wana pepo zinazokwenda kwa msimu. Kaskazi huja Desemba, kusi huanza Aprili au Mei, na nahodha wa Unguja au Lamu hupanga mwaka wake kwa kuzifuata. Mvuvi wa ziwa hana anasa hiyo. Misimu ipo, na miezi ya mvua za vuli na masika ndiyo mibaya zaidi, lakini upepo wake unabadilika kwa saa, kila siku, mwezi wowote.

Tena kazi yake imepangwa na kiumbe kingine. Dagaa, ambaye kwa uzito ni zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria, huvuliwa usiku wa giza. Vijidudu anavyokula hupanda karibu na uso wa maji jua likizama, naye huvifuata. Mvuvi anamkusanya kwa mwanga, zamani wa karabai, sasa zaidi wa taa za betri na sola zinazoelea. Mbalamwezi ikiwaka mwanga wa taa hauvuti tena, basi kambi hupumzika, watu hushona nyavu na kwenda kusalimia nyumbani. Wavuvi wa sangara nao hutega jioni na wengi hulala ziwani wakilinda nyavu zao dhidi ya wezi hadi alfajiri. Kwa hiyo zaidi ya watu 200,000 wanaoishi kwa kuvua ziwa hili, katika nchi tatu, wengi wao huwa majini katika zile saa hasa ambazo hewa ya vilimani inakutana katikati ya maji. Samaki na dhoruba wana saa moja ya kazi. Siijui ajira nyingine Afrika Mashariki ambayo muda wake wa kazi umekaa sawasawa hivi na muda wa hatari yake.

Wangapi hufa? Kadirio linalotajwa sana ni watu 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka kwa ziwa zima, wavuvi na abiria pamoja. Makadirio ya karibuni zaidi ni madogo kuliko hayo. Ninayatazama yote kwa shaka. Kambi za visiwani zina vijana waliotoka mbali, wanaojulikana kwa jina la utani, wanaohama kisiwa hadi kisiwa kufuata samaki. Mmoja akizama, mara nyingi hakuna maiti, hakuna polisi, hakuna cheti, na nyumbani wanabaki wakidhani hajataka kupiga simu. Takwimu za namna hiyo hazikusanywi ofisini.

Anayezama si lazima awe ameshindwa na maji papo hapo. Ziwa lenye nyuzi 25 halimuui mtu kwa baridi kwa dakika chache kama bahari za kaskazini mwa Ulaya. Mtu mzima anaweza kustahimili saa nyingi, ingawa mwili unapoteza joto majini kwa kasi kubwa kuliko hewani na nguvu za mikono huisha mapema. Mtumbwi wa mbao nao ukijaa maji kwa kawaida hauendi chini. Unaelea umezama nusu. Aliyeung'ang'ania ana nafasi ya kuonekana kukipambazuka. Wanaopotea haraka ni wale wasiojua kuogelea, ambao ni wengi kuliko mtu wa bara angedhani, walionaswa na wavu wao wenyewe, na wale walioamua kuogelea kuufuata mwanga wa kijiji. Jaketi la kuokolea hubadilisha hesabu yote hiyo, na sheria zinalitaka. Lakini ukivuta wavu wa dagaa ukiwa umelivaa linakwama, linakunyima mkono, linalowa na kunuka, kwa hiyo lipo, limekaliwa kama mto. Aliyelibuni hakuwahi kuvuta wavu wa dagaa.

Tahadhari inayofaa, basi, lazima itoke kabla jua halijazama, mtumbwi ukiwa bado mchangani. Hapo ndipo mvua ya alasiri ya vilimani inaporudi kwenye habari. Mwaka 2016 kundi la watafiti likiongozwa na Mbelgiji Wim Thiery lilichapisha uchambuzi wa picha za setilaiti kuanzia mwaka 2005 hadi 2013. Walitafuta vile vilele vya mawingu vinavyotoboa hata dari ya anga la chini, alama ya dhoruba kali, na wakakuta kwamba ukali wa dhoruba za nchi kavu alasiri unahusiana na ukali wa dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Haimaanishi wingu la Kericho lenyewe linatembea hadi Goziba. Unyevu na mpangilio wa hewa uliolizaa ndio unaokwenda. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba uhusiano huo unaweza kugeuzwa mfumo wa tahadhari: tazama ardhi mchana, ukadirie ziwa usiku.

Mradi uliofahamika kama HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulifuata mkondo huo pamoja na mamlaka za hali ya hewa za nchi za kanda. Rada ya Mwanza ilitumika kuyatazama mawingu yakizaliwa, na utabiri wa ziwa ukaanza kutolewa kwa kanda ndogondogo, ukitaja upepo, mawimbi na uwezekano wa radi, badala ya ule wa zamani wa "mvua katika baadhi ya maeneo" ambao haukuwahi kumsaidia mtu kuamua lolote. Ulipelekwa kwa redio za jamii na kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa karibu theluthi. Ukikumbuka nilivyosema kuhusu kuhesabu vifo, ipokee namba hiyo kwa uangalifu, ila mwelekeo wake unaingia akilini.

Muda si rafiki wa kazi hiyo. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Hesabu za Thiery na wenzake zilionyesha kwamba dunia ikiendelea kuchafua anga kwa kiwango cha juu, dhoruba ya aina ambayo sasa hulipiga ziwa mara moja katika miaka 15 ingeweza, kufikia mwisho wa karne, kutokea karibu kila mwaka.

Hata hivyo kikwazo kikubwa cha sasa kipo mwaloni, kwenye makubaliano kati ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na vijana wake. Hawalipwi mshahara. Wanagawana mauzo ya usiku baada ya kuondoa mafuta, na mafuta mara nyingi yamekopwa. Usiku usiovuliwa hauna mauzo wala mgao, ila deni lipo palepale. Na kila mfumo wa tahadhari una makosa ya aina mbili: kukosa kutangaza dhoruba iliyokuja, na kutangaza isiyokuja. Mtabiri akiogopa kosa la kwanza, atalizidisha la pili. Kijana aliyebaki nchi kavu usiku mmoja kwa sababu redio ilisema, akaona nyota hadi asubuhi na majirani wakirudi na ndoo zimejaa, hatasikiliza mara ya pili. Huwezi kumwita mjinga. Anapima hatari kwa vipimo alivyonavyo.

Wengi wamejitafutia njia ya katikati, na ndiyo ninayoona sayansi inaweza kuiboresha upesi kuliko amri ya kutotoka kabisa. Tahadhari ikitoka, wanakwenda karibu, wanavua nyuma ya kisiwa upande uliokingwa, wanarudi mapema. Kurudi mapema ni saa ngapi, inategemea uko wapi. Ghuba ya Winam, kuanzia Kisumu hadi Homa Bay, hupata vurugu zake alasiri na mwanzo wa usiku, mawingu ya vilimani yanaporudi kuelekea magharibi, na baada ya hapo mara nyingi hutulia. Musoma na Ukerewe mashariki zina nafuu kuelekea alfajiri. Kwa wa Muleba, Bukoba na Ssese ni kinyume chake: usiku wa kwanza ndio wao, na kuanzia saa nane hadi jua lipande ndipo ziwa lao hubadilika. Tangazo moja la redio kwa ziwa zima, linalosema "wavuvi wachukue tahadhari usiku wa leo", linawaambia watu hawa wote jambo moja wakati kila mmoja anahitaji saa yake.